Mchinjaji wa Mlandege na Bega Lisiloshoneka

Abdulkarim wa Mlandege, mjini Iringa, hakumwamini mtu, na kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyepanda Iringa na mizigo ya wafanyabiashara, akakuta baridi, akaapa atakaa msimu mmoja tu, akazikwa hapo hapo mjini. Baba yake alichinja ng'ombe, na yeye akachinja. Katika miaka yote hiyo alijifunza kwamba ng'ombe anaweza kulambishwa chumvi usiku kucha ili asubuhi anywe maji mpaka tumbo liwe kama ngoma, na mnunuzi mjinga adhani amenenepa. Alijua pembe zinazopakwa mafuta ili mzee aonekane kijana. Hata harusini, akiletewa pilau, aliipindua nyama kwanza kwa kidole ndipo akasema bismillah.

"Unaikagua nyama ya watu?" mkewe Asmaa alikuwa akimfinya.

"Naiangalia tu," anajibu. "Kuangalia si dhambi."

Bega lake la kulia liliharibika mbele ya bucha lake mwenyewe. Mchukuzi alikuwa akishusha paja la ng'ombe kutoka kwenye gari, akateleza kwenye matope, na Abdulkarim, badala ya kuliacha lianguke, akanyoosha mkono kulidaka. Ndani ya bega kukasikika kitu kama kitambaa kibichi kinachochanwa. Paja halikuanguka. Mkono ndio ulioanguka.

Kuanzia siku ile ukawa mkono wa kazi za chini. Kuchinja aliweza, kukata aliweza. Lakini ukifika usawa wa kifua uligoma. Kutundika nyama kwenye ndoano hakuweza tena. Kuvaa kanzu kukawa mieleka. Msikitini, wakati wa takbira, aliinua mkono wa kushoto wenyewe, ule wa kulia akausukuma kwa chini kama anayemwamsha mgonjwa.

Daktari wa kwanza, pale pale Iringa, alimpapasa, akamwambia ainue, akamwambia asukume, kisha akasema, "Kano zimekatika. Nenda Mbeya mapema wakazishone."

"Umeziona?" akauliza Abdulkarim.

"Kuziona sijaziona, lakini dalili…"

"Basi umejuaje?"

Akaondoka. Kitu ambacho hajakiona kwa macho hakukinunua, na hakuona kwa nini akinunue kwa sababu tu muuzaji kavaa koti jeupe. Akaenda kwa mzee wa kuchua, akachuliwa kwa mafuta ya kondoo mpaka shati likanuka zizi. Mvua za msimu mmoja zikapita, na za msimu wa pili. Nyama ilitundikwa na Rayyan, mdogo wake Asmaa, kijana wa mabega mapana na maneno mengi. Wateja wakaanza kusema, "Twende bucha la Rayyan." Abdulkarim alisikia. Kila aliposikia, alimtazama shemeji yake kama anavyomtazama ng'ombe mwenye tumbo la chumvi.

Siku moja Asmaa alimkuta chumbani sweta limemkwama kichwani, mkono mmoja ndani, mwingine nje, akihema.

"Baba Chiku, umekwama kama kuku kwenye gunia."

"Nitoe."

"Sikutoi mpaka useme utakwenda Mbeya."

Akakaa mle gizani kidogo, akifikiri nani kamtuma. Mwishowe baridi ya asubuhi ya Iringa ikamshinda tumboni. "Haya, nitakwenda. Nitoe!"

Kule Mbeya walimwingiza kwenye mashine ndefu kama tanuri la mikate, ikamgongea masikioni mpaka akachoka kusoma dua. Baadaye akaitwa na daktari wa mifupa, Crispin, mtu mpole mwenye kidevu kisicho na unywele hata mmoja. Hicho nacho Abdulkarim hakukipenda.

"Mzee, kichwa cha mfupa wa mkono kimeshikwa na kano nne," daktari alieleza, akifunika ngumi yake kwa kiganja. "Zimekikumbatia hivi, kama kofia. Kwako mbili zimekatika kabisa, ya juu na ya nyuma. Zimerudi ndani, mbali na mfupa."

"Zivute, uzishone."

"Zamani tungezishona, kwa vitundu vidogo tu na kamera. Sasa hazifiki. Na hata zikifika, msuli wake umegeuka mafuta. Uzi hautashika."

Abdulkarim akamkazia macho. "Mafuta?"

"Ndiyo. Msuli ukikaa muda mrefu haufanyi kazi, mafuta yanaingia ndani yake."

"Daktari, mimi mafuta nayauza. Mafuta yanatoka kwenye majani mazuri. Ng'ombe akitoka Usangu baada ya mvua ndiyo utayaona. Mimi mwembamba hivi, yangu yatoke wapi?"

Daktari akacheka. Hakupaswa kucheka. Kisha akaeleza njia zilizobaki. Angeweza kuachwa hivyo hivyo kwa mazoezi na dawa za maumivu, lakini nguvu haitarudi. Angeweza kuwekewa kiungo cha bandia kilichogeuzwa, yaani penye kichwa cha mfupa pawekwe kikombe, na penye kikombe pawekwe kichwa, ili msuli mnene wa juu ya bega uinue mkono peke yake.

"Yaani mnigeuze nje ndani?"

"Kiungo tu, mzee. Ungeinua mkono vizuri, lakini mizigo mizito ndiyo basi. Mara nyingi tunawawekea wazee ambao mfupa wenyewe umeshalika. Wako bado mzuri."

Njia nyingine ilikuwa kuhamisha msuli. Kule mgongoni kuna msuli mpana unaoshuka mpaka kiunoni. Wangeukata pale unaposhika mkono, wauzungushe, waushone juu mahali pa zile kano zilizokufa. Kwa mtu wa umri wake, ambaye hajazeeka, mwenye kazi ya mikono, daktari aliona hiyo inafaa zaidi. Lakini haina uhakika wote, na mazoezi yake ni marefu. "Uamuzi ni wako. Chagua."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu kila kitu. Mteja akimuuliza Abdulkarim nyama ipi nzuri, yeye humwonyesha, hii hapa. Muuzaji anayesema chagua mwenyewe ana kitu kakificha chini ya meza. Halafu daktari wa Iringa alisema inashonwa, wa Mbeya anasema haishoniki. Mmoja wao ni mwongo. Na kukata nyama nzima ya mgongoni ili kuziba ya begani, hesabu gani hiyo? Je, wakishaikata wakaipeleka kwingine?

Hata hivyo alirudi nyumbani akaanza uchunguzi wake. Kila mkono wa ng'ombe uliofika buchani aliupasua begani kutafuta nyama iliyogeuka mafuta. Aliona mafuta ya nje, aliona mafuta ya katikati ya nyama na nyama, lakini nyama yenyewe ilikuwa nyekundu kila mara. Wateja wakalalamika kwamba mikono yote imechanwachanwa kama imeliwa na fisi.

"Shemeji, unatafuta nini humo?" Rayyan aliuliza.

"Natafuta uongo."

"Ukiupata tuupime na mfupa wake?"

Wateja wakacheka. Abdulkarim hakucheka. Lakini mkono ulizidi kulegea, akaanza kuangusha hata kikombe cha chai, na Asmaa akalia mbele yake, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. Kwa hiyo akakubali huo msuli wa mgongoni. Akarudi Mbeya, akalazwa, akavishwa utepe wa plastiki mkononi wenye jina lake. Daktari bingwa wa kuhamisha misuli alikuwa amekuja kwa wiki ile tu, na upasuaji ulipangwa keshokutwa yake.

Yale ya kulazwa yalikwenda vizuri mpaka siku ya pili, Rayyan alipopiga simu.

"Shemeji, wanakupasua lini hasa?"

"Kesho asubuhi. Kwa nini?"

"Na utakaa muda gani bila kushika kazi?"

"Kwa nini, nimekuuliza!"

"Nataka kujua tu, shemeji. Tujipange."

Tujipange! Abdulkarim akakata simu. Akamwambia nesi Apolonia kwamba anatoka kunywa chai kidogo. Akavaa viatu, akapita getini, na chai yenyewe akaenda kuinywa ndani ya basi linalokwenda Iringa.

Basi lilisimama Nyololo, pale kando ya barabara kuu ambapo abiria hununua viazi na mahindi ya kuchoma. Alishuka kunyoosha miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya mbao. Mara akasikia anaitwa.

"Mzaramo! We Mzaramo! Nani kakufungulia zizi?"

Alikuwa Magesa, Msukuma wa Usangu aliyemuuzia ng'ombe miaka mingi. Babu zao walikuwa watani, basi na wao hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana. Alikuwa amesimama kando ya lori la ng'ombe, jasho linamtoka kwenye baridi ile ile.

"Naona hospitali wamekuvisha hereni," Magesa akasema akiuona utepe. Ng'ombe siku hizi huvishwa hereni za namba masikioni. "Wamekuandikisha kundi gani?"

"Kundi la wasiokula chumvi yako, mwizi we. Una nini?"

Magesa akaacha mzaha. Maksai mmoja alikuwa ameanguka ndani ya lori, wenzake wamemkanyaga, mguu wa nyuma umevunjika. Mchinjaji wa pale Nyololo alikuwa msibani. Asipochinjwa sasa hivi na Mwislamu atakuwa nyamafu, na Magesa atapata hasara ya mnyama mzima.

"Umempa chumvi?"

"Bhebhe!" Magesa akamaka kwa Kisukuma. "Mnyama anakufa wewe unauliza chumvi?"

Basi likapiga honi. Abdulkarim akalitazama, akamtazama maksai, akaliacha liende. Muuza nyama hamwachi mnyama afe bure.

Walimshusha kwa kamba. Akamlaza, akamwelekeza kibla, akachinja. Kwa kazi ya chini mkono wake ulikuwa bado mwepesi. Bwana mifugo wa pale akaja na pikipiki, akakagua, akaruhusu, na vijana wa Nyololo wakachuna. Abdulkarim alisimama kando, macho yakipita mwilini kwa mazoea. Maksai alikuwa mkavu. Tumboni hamna mafuta. Hata figo, ambazo kwa kawaida hulala kwenye mafuta meupe, zilikuwa uchi.

Ndipo ngozi ilipotoka begani.

Bega la kulia la maksai lilikuwa jekundu, limejaa. La kushoto lilikuwa limebonyea, mfupa wa katikati ya kombe la bega umesimama kama ukingo. Na pale pande zote mbili za ukingo, mahali pa nyama, palikuwa na kitu cheupe chenye manjano na nyuzi nyekundu chache zilizopotea ndani yake.

"Ngoja!" alipiga kelele, vijana wakaruka. "Msikate!"

Akainama, akaweka kisu. Kisu kikapita kama kwenye samli iliyoganda. Akapasua zaidi, mpaka kwenye mfupa. Yale mafuta yalikuwa yamekaa mahali pa nyama penyewe, kwa umbo lile lile la nyama, na mwisho wake kulikuwa na kano nyeupe kama kawaida.

"Magesa, huyu alikuwa na nini?"

"Huyo alikuwa wa jembe. Nira ilimbana hapo begani msimu mmoja, nilikuwa nimewaachia watoto wa kaka yangu walime mpunga. Akaanza kuchechemea. Bega likalala, likaanza kubonyea. Nikamwacha achunge tu. Misimu kama miwili hivi." Magesa akashusha sauti. "Ndiyo maana kaanguka, dereva alipokanyaga breki bega halikumshika. Sikukuficha, Mzaramo. Hukuuliza."

"Msimu wa kwanza ungemtibu, ingekuwa nyama bado?"

"Nitajuaje? Mimi daktari?"

Abdulkarim alikuwa ameshageuka. Kwenye kibanda cha viazi aliona sindano kubwa ya kushonea magunia, imechomekwa kwenye gunia pamoja na uzi wake. Akaiomba. Akapiga magoti matopeni na kuanza kumshona maksai.

Vijana wakaangaliana. Mama muuza viazi akaja mbio kuangalia sindano yake inafanywa nini. Magesa akashika kiuno.

"Jamani njooni mwone! Mzaramo kachinja, sasa anamshona afufuke!"

Watu wakaanguka kicheko. Abdulkarim akapitisha uzi kwenye yale mafuta, akavuta. Uzi ukakata, ukatoka na ute mweupe. Akashona tena, mishono miwili pamoja, akavuta taratibu kama fundi cherehani. Ukakata tena. Akahamia mgongoni kwa maksai yule yule, kwenye nyama pana inayoshuka nyuma ya bega. Ilikuwa nyekundu, imejaa damu ya kazi. Akaikata mwisho wake pale ulipo mgumu, akapitisha uzi, akavuta. Akavuta kwa nguvu, mpaka mkono wake mgonjwa ukauma. Uzi haukutoka.

Kicheko kilikuwa kimekwisha kwa sababu yeye hakuwa akicheka. Alikaa matopeni, sindano mkononi, akitazama mabega yale mawili ya mnyama mmoja. Kwa hiyo wa Iringa hakuwa mwongo, alisema mapema. Na wa Mbeya naye hakuwa mwongo. Alimtafuta mwongo kati ya wale wawili kumbe aliyepitisha misimu kwenye mafuta ya kondoo ni yeye mwenyewe. Na yeye alipasua mabega ya ng'ombe wazima mwezi mzima. Ng'ombe aliyeumia bega hafiki Iringa, hufia au huchinjwa njiani.

Akampigia Asmaa.

"Sirudi leo. Niko Nyololo, sasa narudi Mbeya."

"Nyololo? Si umelazwa? Baba Chiku, una nani huko Nyololo?"

"Maksai."

"Maksai ndiye nani?"

Alimweleza mpaka akaamini nusu. Mwishoni akauliza, kama mtu asiyejali, "Rayyan alinipigia. Anataka kujua nitakaa muda gani. Anajipanga nini?"

"Anatafuta mchinjaji wa kukushikia nafasi! Wewe si unajua akiona kisu kinakaribia shingo anafumba macho? Tangu juzi hajalala, anasema bucha litafungwa."

Hilo alilijua. Alilijua kabisa, ila hakuwa amelitia kwenye hesabu.

Basi la kurudi Mbeya lilimpokea na matope na damu. Apolonia alimsema mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamwonea huruma. Asubuhi daktari Crispin akaja, akaona alama ya damu kavu kwenye mkono wa shati.

"Mzee, hiyo damu ya nani?"

"Ya ng'ombe. Daktari, nataka kuona ule msuli wa mgongoni kabla hamjanikata. Kama ni mwekundu."

Daktari, lazima tumsifu, safari hii hakucheka. Alileta zile picha, akazisimamisha mbele ya mwanga. Abdulkarim akazisogelea kama anavyosogelea mzoga. Hii nini? Mfupa. Na hiki cheupe chenye mistari? Ndiyo ule msuli wa juu. Akautazama sana. Ulikuwa kama bega la kushoto la maksai, umbo la nyama bila nyama. Kisha daktari akamwonyesha kipande cha ule wa mgongoni kilichoingia pichani, kimejaa, hakina mistari. Akamshika kiwiko, akasema, "Vuta mkono chini, mimi nazuia." Abdulkarim akavuta, daktari akayumba kumfuata.

"Na kano ya mbele?"

"Nzima. Ingekuwa imekatika nayo, nisingekushauri njia hii."

"Uzi utashika?"

"Natumaini. Nimekwambia, si uhakika wote."

Ajabu ni kwamba hapo ndipo alipomwamini. Muuzaji wa ng'ombe wa chumvi huwa na uhakika wote. "Basi nimechagua," akasema, "ule ule wa mgongoni."

Alirudi Mlandege mkono umefungwa mbali na mwili, umeegeshwa kwenye mto kama mtu aliyekumbatia pipa. Watoto wakamwita kibuyu. Wiki zikapita, mto ukatolewa, na mwalimu wa mazoezi akampa maagizo yaliyomrudishia mashaka yake yote. Msuli ule umezoea kuvuta mkono chini na nyuma, alimwambia. Haujui kwamba umehamishwa. Kwa hiyo ukitaka kuinua mkono, kwanza fanya kama unabana kiwiko ubavuni.

"Nishushe ili nipande?" aliwauliza watu wa buchani. "Nyinyi mnaona akili hapo?"

Lakini alifanya. Kila siku uani, uso kwa ukuta, vidole vikitambaa kwenye tofali. Miezi ya mwanzo mkono ulikwenda kila mahali isipokuwa juu. Nyama bado ilitundikwa na Rayyan, na mchinjaji wa kukodi alikuja na kisu butu kilichomtia Abdulkarim uchungu kuliko bega.

Mpaka asubuhi moja ya ukungu, vidole vikapita usawa wa kidevu. Vikapita sikio. Akarudi nyuma hatua, mbali na ukuta, akabana kiwiko kwa mawazo tu, na mkono ukapanda wenyewe hewani, polepole.

Hakuamini hata kidogo.

"Mama Chiku! Njoo hapa. Simama nyuma yangu. Nakunja mgongo?"

"Hukunji."

"Angalia vizuri. Siinami upande? Siibi kwa kiuno?"

"Huibi, Baba Chiku."

"Apa."

"Wallahi huibi."

"Weka mkono wako."

Asmaa akaweka kiganja mgongoni kwake, karibu na kovu. Mkono ulipopanda tena, akahisi chini ya kiganja nyama ikikusanyika na kuvuta.

"Sasa," Abdulkarim akasema bila kugeuka, "huo ndio unaoinua, au ni wewe unausukuma?"